Naomba ushauri: dishi la mita 2.4 na setilaiti iliyozeeka
Wakuu, setilaiti ninayoinasa kwa dishi langu inakaribia kuishiwa mafuta, hivyo wenye nayo wameacha kuisahihisha isiyumbe kaskazini na kusini, kazi inayokula mafuta kuliko zote. Mwinamo wa njia yake (pembe yake na ikweta) unaongezeka karibu nyuzi 0.8 kwa mwaka. Dishi la mita 2.4 kwenye masafa ya Ku (bendi ya mawimbi ya setilaiti) lina mwali (upana wa anga linaloweza kunasa) wa nyuzi 0.7 tu, kwa hiyo setilaiti ikiyumba nje ya mwali huo mawimbi hukatika mara mbili kwa siku, kila siku dakika 4 mapema kuliko jana (LNB, kile kipokezi cha mbele ya dishi, haina kosa). Dishi la mita 1.2 litapanua mwali lakini litapoteza desibeli 6, yaani itabaki robo tu ya nguvu ya mawimbi. Je, nifunge mota ya kuifuata, au nihamie setilaiti nyingine kabla hii haijasukumwa makaburini (njia ya setilaiti zilizostaafu), takriban kilomita 300 juu zaidi? Na mota ipi huvumilia kuzunguka usiku na mchana?