Shule za serikali Dar ukiacha ile ya mtaani kwako, zipo? Mtoto anaanza la kwanza Januari

MamaZuu_Kimara

Habari zenu wapendwa. Naombeni mwongozo kwa wenye uzoefu maana mwenzenu nimefikiria mpaka usingizi umekata.

Binti yangu anatimiza miaka 6 mwezi wa kumi na moja, Januari anaanza darasa la kwanza. Awali kasoma private hapa hapa Kimara, ada milioni moja na laki nane bila basi, tulikuwa tunajitahidi hivyo hivyo lakini mkataba wa baba yake umeisha na mimi biashara ya vitenge mnajua ilivyo, mwezi huu unauza mwezi ujao unakaa. Kwa hiyo tumekaa mimi na mume wangu tukakubaliana mtoto aende serikali, na wala sioni aibu, mimi mwenyewe nimesoma serikali na nimefika nilipofika.

Sasa wiki iliyopita nikaenda shule ya mtaani kwetu kuulizia. Mwalimu kanipokea vizuri kabisa, sina neno naye. Nikamuomba nichungulie darasa la kwanza. Jamani. Dawati moja watoto wanne, wengine wamekaa chini mbele karibu na ubao, nikamuuliza mwalimu wapo wangapi akaniambia mkondo huu 118. Kulikuwa na kibinti kimekaa nyuma kabisa karibu na mlango, kimegeukia nje kinachora chora vumbi la kizingitini kwa kidole, na mwalimu hata asingeweza kukiona, sio kosa lake, angekionaje. Nikamuona wangu pale. Nimetoka nalia.

Swali langu ni hili, kuna shule nyingine za serikali hapa Dar ambazo mzazi wa kawaida anaweza kuomba? Nasikia kuna za serikali zinafundisha Kiingereza, ni kweli au ni za watoto wa wakubwa tu? Na je, naruhusiwa kumpeleka mtoto shule ya kata nyingine? Nipo Kimara Baruti. Asanteni.

BabaNuru

Pole sana dada. Zipo na sio za wakubwa, mimi ni fundi umeme na mtoto wangu yupo huko mwaka wa nne sasa.

Shule za msingi za serikali za mchepuo wa Kiingereza hapa Dar zinazojulikana na wengi ni Olympio na Diamond zote zipo Upanga, na Bunge iko Posta. Ukitoka nje ya Dar kuna Arusha School, na siku hizi halmashauri nyingine nazo zinafungua za kwao kwa hiyo usiishie kwa hizi tatu, nenda ofisi ya elimu msingi ya manispaa yako uwaulize moja kwa moja. Walimu wanaajiriwa na serikali, mtihani wa darasa la nne na la saba ni ule ule wa NECTA ila wanafanya kwa Kiingereza.

Uelewe mambo mawili. La kwanza, sio bure kama zile nyingine, kuna ada ya mwaka, lakini ukiweka pembeni na hiyo milioni na laki nane utaona ni kitu cha kubebeka, mimi nalipa kwa awamu mbili. La pili nafasi ni chache na waombaji ni wengi mno. Mtoto wangu alifanyiwa usaili, kusoma kidogo, kuhesabu, kuulizwa jina na anaishi wapi kwa Kiingereza. Sisi tulienda mapema, fomu zilipotoka tu siku hiyo hiyo nilikuwa getini saa kumi na mbili asubuhi na nikakuta watu. Andaa cheti cha kuzaliwa cha RITA mapema, picha, na barua ya serikali ya mtaa. Kuna mama tulikuwa naye kwenye foleni akarudishwa kwa sababu ya cheti, ilikuwa siku ya mwisho, aliniumiza sana.

Usafiri kwako ni rahisi kuliko wengi, unapanda mwendokasi Baruti unashuka Fire, hapo Upanga mnatembea.

Ticha_wa_Kilwa_Road

Naomba niongee kama mwalimu, nina miaka 14 kazini, shule za msingi za serikali Temeke.

Mama Zuu ulichokiona ni kweli na sisi tunaoishi humo ndani kinatuuma kuliko mnavyodhani. Ilipoanza elimu bila ada Januari 2016 watoto waliletwa kwa mafuriko, na ilikuwa jambo jema, kuna watoto wa miaka 9 na 10 walikuwa mtaani wanauza mifuko kwa sababu ya michango wakaja kukaa darasani kwangu. Ila madarasa na walimu havikuja kwa kasi hiyo hiyo. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja watoto 45. Huku pembezoni Mbagala, Chamazi, na huko kwenu njia ya Morogoro ambako watu wamehamia kwa wingi ndiko kumejaa, mpaka shule nyingine zinaenda kwa zamu mbili, wengine asubuhi wengine mchana.

Sasa jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, mjini kati hali ni tofauti. Watu wamehama Kariakoo, Ilala, Magomeni, nyumba zimegeuka maduka na stoo, na shule za zamani zimebaki pale pale na madarasa yake. Kwa hiyo unaweza kukuta shule ya kawaida ya Kiswahili, bila ada, ina watoto 50 au 60 darasani na walimu wenye uzoefu mkubwa, na hakuna anayeizungumzia kwa sababu wote macho yapo Upanga kwenye Kiingereza.

Umeuliza kama unaruhusiwa kwenda kata nyingine. Watoto wa mtaa husika wanatangulizwa, hiyo ni haki yao, lakini nafasi ikibaki mwalimu mkuu anaweza kumwandikisha wa mbali. Uandikishaji huwa unaanza Oktoba, usisubiri Januari. Na hata ukianza mtaani kwako bado uhamisho upo, kila mtoto ana namba kwenye mfumo wa PREM wa NECTA, mwalimu mkuu wa unakotoka anamhamisha kwenye mfumo na wa unakokwenda anampokea, ila nenda kwanza upate uhakika wa nafasi ndio uombe kuhama. Nimeona mzazi mtoto kashatolewa huku, kule hajapokelewa, anakaa nyumbani wiki tatu.

Jinsi ya kuchagua, nakupa ninavyowaambia ndugu zangu. Nenda siku ya kazi saa tatu asubuhi bila taarifa, jitambulishe ofisini, uombe kuona. Usiangalie rangi ya ukuta. Omba daftari la mtoto wa darasa la pili, yeyote, fungua kurasa za katikati uone kama limesahihishwa. Daftari lenye wino mwekundu kila siku lina mwalimu nyuma yake. Halafu nenda vyooni, kwa wasichana inatakiwa tundu moja kwa watoto 20, hawafikii lakini utaona kama kuna maji na mlango. Uliza wakinamama wanaouza mihogo na ubuyu nje ya geti, wale wanajua mwalimu gani anaingia darasani na nani haingii. Matokeo ya darasa la saba yapo kwenye tovuti ya NECTA shule kwa shule, angalia miaka mitatu sio mmoja.

Na hili la Kiingereza msilikimbilie mno. Kwenye mtaala mpya somo la Kiingereza linaanza darasa la kwanza, zamani lilikuwa la tatu. Mtoto akijua kusoma na kuandika vizuri kwa lugha anayoiota usiku, hiyo nyingine ataibeba. Nimepokea watoto kutoka private wanaosema good morning teacher vizuri kabisa, ukimpa sentensi moja ya kusoma kwa lugha yoyote anakuangalia.

Shekilango_Kwetu

Mwalimu nakuheshimu sana lakini hapo kwenye Kiingereza nakupinga. Mimi nilitoka shule ya msingi ya Kiswahili nikiwa wa pili darasa zima, form one nikaingia mwalimu wa Biology anaongea kwa Kiingereza dakika 40, nikawa nakariri bila kuelewa mpaka form three. Kuna wenzangu waliokuwa na akili kunizidi wakakata tamaa hapo hapo. Mpaka sekondari ibadilishe lugha, mzazi anayetafuta Kiingereza mapema hana kosa.

Ticha_wa_Kilwa_Road

Hana kosa kabisa na maumivu yako nayajua, nimewaona wengi. Na kwa sera mpya mtoto anayeanza sasa anasoma msingi miaka 6, halafu anaunganisha sekondari mpaka kidato cha nne, 10 yote ya lazima, kwa hiyo hapo kwenye kuvuka atafika mapema zaidi. Ninachosema ni kwamba asiyepata nafasi Upanga asione mtoto wake amepotea.

Mama_Junior_Mbezi

Mimi nitaongelea umbali maana watu wanausahau. Mwanangu nilimpeleka mjini kati, shule nzuri, walimu wazuri, sina malalamiko. Sisi tupo Mbezi mwisho. Anaamka saa kumi na nusu, saa kumi na moja tupo kituoni. Asubuhi nampeleka mimi, shida ni kurudi. Nauli ya mwanafunzi ni 200 na konda hataki 200, anamuacha anapakia watu wazima, mtoto wa miaka 7 na begi lake anasimama kituoni magari manne yanampita. Na mvua zikinyesha pale Jangwani pakajaa maji mwendokasi inasimama, siku moja kafika nyumbani saa mbili na nusu usiku, kashikwa mkono na mwanafunzi wa sekondari ambaye hata simjui, Mungu ambariki yule kijana.

Ila kilichonirudisha sio hiyo mvua. Ni mwalimu wake aliniita akanionyesha mtoto kalala kwenye dawati, akaniambia mama, kila siku kuanzia saa tano huyu anakuwa hivi. Nikamhamishia shule ya karibu, darasa lina watoto wengi, nikakubali, na jioni nakaa naye mwenyewe nusu saa tunasoma. Sasa hivi anasoma vizuri. Kwa hiyo Mama Zuu, kwenye hesabu zako weka na usingizi wa mtoto.

Mzazi_mwenzenu

Kwa atakayesoma hapa baadaye na mtoto wake ana mahitaji maalumu, msijifungie nao ndani. Wangu haoni vizuri, yupo Uhuru Mchanganyiko pale Kariakoo, ni ya serikali, wanasoma pamoja na watoto wasio na ulemavu, walimu wanajua nukta nundu na wanajua kukaa na hawa watoto. Kwa wenye ulemavu wa akili kuna Sinza Maalumu. Nilipoteza miaka miwili naona haya. Anzeni na ofisi ya elimu maalumu manispaa.

MamaZuu_Kimara

Wapendwa nimerudi, sikuwa kimya kwa kuwadharau, nilikuwa barabarani. Wiki nzima nimezunguka shule tano nikiwa nimeshika maneno ya mwalimu mkononi.

Upanga nimeenda, nimeambiwa fomu bado, nimeandika tarehe ya kurudi na RITA nishafuatilia cheti. Tutajaribu, nafasi ikipatikana nitamshukuru Mungu.

Ila nataka niwaambie kuhusu shule ya nne, ni ya kawaida tu ya Kiswahili maeneo ya Magomeni, bati lake limepauka na uzio upande mmoja ni michongoma. Nimeingia saa tatu kama nilivyoambiwa. Darasa la kwanza watoto 61, nimehesabu mwenyewe. Mwalimu ni mama mtu mzima, kila mtoto ana kikopo chake cha vizibo vya soda, anasema tengeni makumi, unasikia vizibo vinalia darasa zima. Kuna kivulana kilikosea kikaweka tisa, mwalimu kapita kwenye dawati lake hakusema kitu, kaweka kidole kwenye fungu akasubiri. Mtoto kahesabu tena, kaongeza kimoja, kamwangalia. Mwalimu kaendelea na safari yake. Nimeomba daftari la darasa la pili nikapewa, lina wino mwekundu mpaka ukurasa wa juzi.

Muuza ubuyu nje kaniambia yule mwalimu hajawahi kumuona akichelewa.

Mwalimu mkuu kasema nije Oktoba na cheti, watoto wa mtaa wakishaandikwa atanijibu, na ameniandika jina kabisa kwenye daftari lake. Baba yake kasema tuombe kote kote, tukikosa Upanga twende Magomeni kwa amani.

Mama Junior, la usingizi limenikaa sana. Baruti mpaka Magomeni kwa mwendokasi sio mbali, ila kurudi peke yake siwezi kumuachia, hata mwaka wa pili siwezi. Kuna mzazi yeyote wa kuanzia Kimara Mwisho mpaka Kibo ambaye mtoto wake anasoma upande wa Magomeni? Tukipatikana hata wanne tutafute bajaji ya mtu tunayemfahamu, tulipe kwa mwezi.

Kimara_Bucha2

Mimi nina wawili, wa darasa la kwanza na la tatu, wapo Magomeni na wanatoka saa nane na nusu. Kuna mzee wa bajaji anawarudisha mwaka wa pili huu, hajawahi kuniangusha, ana nafasi moja. Nimekutumia ujumbe pembeni, nijibu nikukutanishe naye Jumamosi.