OpenAPI, MCP au AGENTS.md: wakala wa AI anaelewa kipi zaidi?

mfua_msimbo
Wakuu, nina mfumo wa oda wenye API (mlango ambao programu nyingine huutumia kuuagiza mfumo) ya miito 64. Nataka wakala wa AI (modeli ya lugha inayotumia zana kufanya kazi yenyewe) autumie bila mimi kumshika mkono. Naona njia tatu: nichukue faili la OpenAPI nililonalo (maelezo ya API kwa muundo ambao mashine inausoma) ligeuzwe zana hivyo hivyo, niandike seva ya MCP (itifaki ya kumuunganisha wakala na zana) na kueleza kila zana kwa mkono, au niachane na hayo, niandike AGENTS.md moja (faili la maelekezo kwa wakala) na kumwachia terminali, yaani dirisha la kuandika amri. Nani amepita huku?

Kaunta_Moja
Nilianza na ya kwanza, kwa uvivu. OpenAPI ni nzuri kwa umbo: inasema hii ni namba, ile ni lazima. Tatizo ni maelezo, kwa sababu aliyeyaandika alikuwa anamwandikia mwenzake wa meza ya pili. Zana yangu moja ilisema tu "Husasisha mteja". Wakala akatuma jina jipya peke yake, simu na anwani zikafutika. Mwito ule ulikuwa PUT, unabadilisha rekodi nzima. Sote tulilijua hilo, ila halikuandikwa popote.

Halafu hizo 64 zako, ukizimwaga zote, maelezo yake yanajaa kwenye muktadha (maandishi ambayo modeli inayasoma kabla ya kujibu) kabla mtumiaji hajauliza chochote. Zenye majina yanayofanana atazichanganya tu.

bintiseva
Tusiionee OpenAPI. Ina sehemu ya maelezo, sisi ndio tunaiacha tupu. MCP, ambayo Anthropic waliitoa Novemba 2024, nayo inabeba yale yale: jina, maelezo na vigezo vilivyoandikwa kwa JSON Schema (namna ya kueleza umbo la data). Ukihamisha maelezo mabovu, umehamisha ubovu.

Faida niliyoipata ni kwamba nilikaa chini nikajiuliza wakala anafanya kazi gani hasa. Miito 40 ikawa zana tisa. Kutafuta mteja, kuorodhesha oda zake, kisha kusoma hali ya kila moja, vyote sasa ni `hali_ya_oda`. Na maelezo yakabadilika hivi:

Kabla: `futa_oda`: Inafuta oda.

Baada: `futa_oda`: Inafuta oda ambayo haijalipwa. Ikifutwa hairudi. Kama imelipwa, tumia `rejesha_malipo`. Namba ya oda huanza na OD- na hupatikana kwa `tafuta_oda`, usiibuni.

Sentensi ya "usiibuni" niliicheka nilipoiandika. Siicheki tena.

mzee_terminali
Mbona ya tatu mnairuka? Zana za terminali kama Git na curl hazihitaji utambulisho, modeli imeshazisoma kwenye mafunzo. Programu yako ikiwa na `--help` safi, wakala anafungua msaada wa amri anayoitaka tu, muktadha unabaki mwepesi. AGENTS.md iwe fupi: namna ya kuendesha, namna ya kupima, na kipi hakiguswi.

Kaunta_Moja
Kwa mradi wa msimbo nakubali, mzee. Kwa oda za wateja, terminali ni kumkabidhi funguo za nyumba nzima. MCP walau ina alama kama `readOnlyHint` na `destructiveHint`. Ni vidokezo tu lakini, havizuii kitu. Ulinzi wa kweli weka kwenye ruhusa za seva.

kichwa_ngumu
Wote mmesahau ujumbe wa makosa, nao ni sehemu ya maelezo. Ukirudisha 400 tupu (namba ya kosa inayosema tu ombi ni bovu), wakala atarudia kosa lile lile mara tano. Mwambie "tarehe iandikwe kama 2025-03-14, umetuma 14/3" anajirekebisha mwenyewe. Pia soma kumbukumbu za miito yake. Mimi nilibadili kigezo `tarehe` kuwa `tarehe_ya_kufika`, akaacha kutuma siku ya leo kila mara. Siku mbili nilikuwa nalaumu modeli bure.

mfua_msimbo
Nachukua ya pili, nianze na zana za kusoma tu. PUT zangu nazificha kwanza. Swali la mwisho: maelezo niandike Kiswahili au Kiingereza?

bintiseva
Lugha unayoweza kuiandika bila utata. Ila thamani ziache kama zilivyo kwenye hifadhidata. Kama kule hali ya oda ni PENDING, ukimwandikia "inasubiri" ataituma hiyo hiyo, na hutapata oda hata moja.