Gari la mbio limeshuka meli na tairi za theluji: tupeane uzoefu wa tairi na rimu

Boxer wa Kilindini
Salaam ndugu zangu. Subaru WRX na Levorg, Toyota Mark X na wenzao wakishuka Kilindini kutoka Japani, mara nyingi huwa wamevaa tairi za theluji. Mwenye gari wa sehemu za baridi kule huwa na seti mbili za magurudumu, na ile ya kiangazi si lazima ipande meli. Huku mnunuzi anaona meno marefu, anafurahi, anaingia barabarani. Wenye ujuzi tuweke vipimo hapa: unazitambuaje, unavaa nini badala yake, na rimu zake zinafaa kubaki?

Naanza na kuzitambua. Soma ubavuni: neno STUDLESS (tairi ya theluji isiyo na misumari), au mchoro wa mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani. Majina ya kawaida ni Blizzak, iceGUARD, Winter Maxx na X-Ice. Herufi M+S peke yake haitoshi, maana tairi nyingi za magari ya 4x4 zinayo. Kisha tazama meno: kila jino limechanjwa mikato myembamba kama ya wembe, tena imepindapinda.

Fundi Pancha
Sababu ya kuzivua ni mpira wenyewe. Umetengenezwa ubaki laini joto likiwa chini ya nyuzi 7, na Mombasa hata usiku wa Julai haukaribii hapo. Lami yetu ya saa nane mchana huulainisha kupita kiasi, meno yanayumba kwa sababu ya ile mikato, usukani unachelewa kuitika, gari linachelewa kusimama ukikanyaga breki. Kwenye lami iliyolowa ni hatari zaidi, na masika ndiyo hiyo. Watu hudhani meno marefu yatatoa maji. Maji yatatoka, lakini kinachoshika lami ni mpira, na mpira huu si wa hapa.

Kuna herufi ya mwendo pia. Studless nyingi za Kijapani ni Q, yaani kilomita 160 kwa saa. Tairi ya kiwandani ya Subaru WRX STI, 245/40R18 (upana milimita 245, ubavu asilimia 40 ya upana huo, rimu inchi 18), ni W, kilomita 270. Hata usipokimbia, herufi hiyo inakuonyesha tairi inavyostahimili joto lake yenyewe.

Msidanganywe mkiambiwa meno "bado asilimia 60". Tairi hizi zina alama mbili za kuisha. Ya kwanza hutokea meno yakifika nusu, na kwa Mjapani hapo tairi imeshamaliza kazi ya theluji. Ya pili ni ya milimita 1.6 kama tairi nyingine zote. Soma na tarehe: tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyoandikwa ubavuni. 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019.

Mama GTI, Nyali
Na ukizivua usimuuzie mwenye teksi, jamani. Abiria wake hawajui wamekalia nini.

Boxer wa Kilindini
Kweli kabisa, dada.

Sasa rimu. Seti ya baridi huwa ndogo kwa inchi moja, na hilo kwa mashimo yetu ni heri: ubavu mrefu huikinga rimu isipinde. Cha kuchunga ni kipenyo cha nje. 245/40R18 ina milimita 653. Ukishuka hadi 17, 245/45R17 inatoa 652, yaani ile ile. 235/45R17 inatoa 643, upungufu wa asilimia 1.5, na spidometa itasoma juu kidogo.

STI yenye breki kubwa za Brembo haikubali kila rimu ya 17. Vaa rimu tupu bila tairi, kaza nati mbili zisizo jirani, zungusha kwa mkono huku usukani umekatwa hadi mwisho, kulia halafu kushoto. Acha angalau milimita 3 kati ya kalipa (kile kinachobana pedi za breki) na mikono ya rimu. Angalia na risasi za balansi, vile vipande vya uzito vilivyobandikwa ndani. Rimu inaweza kupita salama, kisha risasi ikakwaruza kalipa.

Matundu: STI kuanzia 2005 ni 5x114.3 (matundu matano kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3), za kabla ya hapo ni 5x100. Tundu la kati ni milimita 56.1. Rimu yenye tundu kubwa zaidi itiwe pete ya kujazia, la sivyo utapata mtetemo utakaomsingizia fundi wa balansi.

Mama GTI, Nyali
Kwa Volkswagen Golf GTI ya Mk7 (kizazi cha saba): 5x112, tundu 57.1, bolti M14x1.5, nguvu ya kukaza Nm 120. Bolti za kiwandani zina kichwa cha duara, rimu nyingi za madukani zinataka kichwa chenye umbo la koni. Ukichanganya, chuma kinagusana kwa ukanda mwembamba tu, na bolti italegea njiani hata kama ulikaza sawasawa. Kaza kwa msalaba kwa spana ya kipimo, rudia baada ya kilomita 50 hadi 100.

Fundi Pancha
Wenye Subaru, tairi nne ziwe sawa: saizi, chapa, na uchakavu. Mizingo isipishane zaidi ya milimita 6, ambayo ni kama milimita moja tu ya meno. Kuweka mbili mpya mbele na kuacha kuukuu nyuma kunaipikisha difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma.

Kuhusu chumvi. Rimu iliyopita barabara za chumvi za Japani kisha ikaja kwenye upepo wa bahari huliwa pale ukingo wa tairi unapokaa, na tairi inapoteza upepo polepole bila msumari wowote. Sugua ukingo kwa brashi ya waya hadi chuma kiwe safi, paka dawa ya kuziba, badilisha valvu. Rimu za kromu na zile zenye mdomo uliong'arishwa hazifai pwani. Chagua ya kipande kimoja, mikono michache minene, iliyopakwa rangi, uweze kuiosha hadi ndani.

Kwa tairi mpya, tafuta ubavuni TRACTION (mshiko kwenye lami iliyolowa) AA au A na TEMPERATURE (ustahimilivu wa joto) A, na mifereji mipana inayozunguka tairi nzima. Masika ikikaribia, badilisha zikibaki milimita 3, usingoje 1.6. Upepo pima asubuhi kabla hujaondoka; kila nyuzi 10 za joto huongeza takriban psi 1.5, na anayepunguza mchana ili "irudi 32" analala na tairi laini.