Mrejesho: kanzu ya mkono, kikwapa na shingo

Wapendwa, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini kanzu ya kizamani ninayomshonea babu kwa mkono, kwa kitambaa cha marekani (pamba isiyopaushwa), inafumuka kwapani na kujikunja shingoni.

Kosa la kwapa lilikuwa langu: kikwapa, kile kipande cha kitambaa cha kwapani, nilikikata pembetatu. Sasa nimekata mraba, nikauweka kimshazari kati ya mkono na taharizi (kipande cha ubavuni), na babu anainua mkono bila badani (kipande cha kiwiliwili) kuvutika. Kwenye ncha, panapochanika upesi, nimerudia kila tundu la sindano kwa uzi uliopakwa nta ya nyuki. Shingoni nilishona kaba (kitambaa cha ndani cha kuimarisha shingo) kwanza, ndipo nikakata tundu la shingo. Imelala vizuri kabisa!

Kilichoniumiza ni mhalbori, ule mshono wa hariri nyekundu wa kupamba shingo. Nilipofua kidogo, ile hariri nyekundu ilichuja, ukosi wote ukawa na madoa ya waridi. Nimeufumua mhalbori kidogo kidogo, siku mbili. Uzi mpya nimeuloweka mara tatu mpaka maji yakatoka safi, nikaujaribu kwanza kwenye kipande cha kitambaa kilichobaki. Fanyeni hivyo kabla hamjaanza.

Aliyenishauri nikate uzi usiozidi urefu wa mkono, ahsante sana, mafundo yameisha. Bado sijaweka kitanzi na shada (kishungi cha nyuzi) pale shingoni.