Mashine ya umeme ya kukaza misuli: naombeni ushauri kabla sijaiwasha

Goti_Bovu: Wakuu, habari za wakati huu. Nilifanyiwa upasuaji wa ligamenti ya goti, paja limenywea mpaka suruali inapwaya upande mmoja. Kliniki walinifunga mashine ya umeme, msuli ukawa unajikaza wenyewe. Sasa ndugu yangu kaniletea ya nyumbani, pedi nne, karatasi ya maelekezo haipo. Niongeze nguvu hadi wapi? Naweza kulala ikiendelea? Halafu mama naye anaitaka kwa ajili ya mgongo, ila ana betri ya moyo.

Mkaza_Viungo: Pole mkuu. Mimi ni mtu wa fiziotherapia. Mama kwanza: asiiguse. Betri ya moyo inafuatilia umeme wa moyo, ikinasa mawimbi ya mashine inaweza kudhani ni mapigo, ikanyamaza wakati moyo unaihitaji. Hilo ni la daktari wake wa moyo, si letu humu.

Wewe, muulize aliyekupasua kama muda umefika. Akikubali, pedi zote mbili za waya mmoja zikae kwenye msuli wa mbele wa paja, moja juu, nyingine chini upande wa ndani. Anza sifuri, panda taratibu mpaka msuli ukaze waziwazi, na wewe ukaze pamoja nao. Kujenga nguvu kwa kawaida tunatumia hezi 35 hadi 50 (yaani mipigo ya umeme kwa sekunde), kukaza sekunde 10, kupumzika 30 hadi 50. Hayo mapumziko watu wanayaruka, msuli unachoka bure. Kigimbi kikivimba, kikauma na kuwa cha moto, acha kabisa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Inaweza kuwa damu imeganda.

Chuma_Tupu: Weka mwisho kaka. Isipouma haifanyi kazi.

Dada_Zamu: @Chuma_Tupu hapana jamani. Misuli ikikazwa kupita kiasi, hasa kwa zile suti za umeme za mwili mzima na mtu ndiyo anaanza, inaweza kuvunjika na uchafu wake ukaziba figo. Mkojo ukiwa rangi ya chai ya rangi, hiyo ni dharura.

Kulala nayo usithubutu. Pedi ikibanduka nusu, umeme wote unapita kwenye kipande kidogo na ngozi inaungua. Bafuni na kwenye usukani pia hapana. Shingoni mbele, kichwani na kifuani usiweke kabisa.

Mkaza_Viungo: Naongezea: wajawazito, wenye kifafa, na wenye saratani eneo hilo waulize kwanza.

Goti_Bovu: Asanteni sana. Pembeni ya kovu pana ganzi, nikigusa sisikii vizuri. Naweza kupitisha pedi hapo?

Mkaza_Viungo: Usiweke. Palipo na ganzi hutajua pakianza kuungua. Sogea juu hadi unapohisi mguso sawasawa na paja la pili. Ukimaliza, zima ndipo ubandue, kisha tazama ngozi. Wekundu kidogo unaopotea baada ya muda mfupi si tatizo, lengelenge ni tatizo. Na pedi zikikauka gundi, badilisha. Usizibane kwa plasta.

Chuma_Tupu: Sawa, nimekubali kushindwa. Na kitambi, inapunguza?

Dada_Zamu: Msuli utakaza, mafuta yatabaki hapohapo. Fungua uzi wako.