Saladi ya viazi ya Kijerumani, yangu inakuwa uji

mama_wawili: Jamani niko Stuttgart, kusini mwa Ujerumani, mwaka huu mama mkwe kaniachia mimi saladi ya viazi ya tarehe 24 Desemba jioni, ile inayoliwa na soseji, nimejaribu mara mbili viazi vinapondeka tu, nakosea wapi?

jikoni_ulaya: Pole dada. Angalia mfuko, uwe umeandikwa festkochend, yaani viazi visivyopondeka vikiiva, vile vya mehligkochend ni vya kuponda. Chemsha kilo 1 na maganda yake, menya vingali vya moto hata kama vidole vinaungua, kata slesi nyembamba alafu mwagia supu ya nyama ya moto kama robo lita, yenye siki, haradali, chumvi na kitunguu kilichokatwa vidogo vidogo. Acha vinywe nusu saa. Mafuta mwisho kabisa, ukitanguliza mafuta viazi havinywi supu. Ukikoroga usikie ile chwa chwa ya majimaji, hapo imekubali.

wa_hamburg: Sisi huku Hamburg, kaskazini, tunaweka mayonesi, matango ya siki na mayai ya kuchemsha, tamu sana!

jikoni_ulaya: Ni tamu kweli, ila huko kusini wanataka ile ya supu, kwa mama mkwe wa Stuttgart mayonesi usiguse dada.

mama_wawili: Asanteni mno, kesho naanza upya.