Naombeni ushauri: chekechea ya mtoto wa miaka 3, nichague ipi?

Mama Rayyan
Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miaka 3, na dada wa kazi anaondoka mwisho wa mwezi. Tunaishi Tabata, nimezungukia vituo viwili. Cha kwanza ni inglishi midiamu: sare, basi, homuweki kila siku. Nilihesabu watoto 36, mwalimu mmoja. Cha pili ni nyumba ya kawaida yenye mchanga na mwembe. Watoto 14, walezi wawili, Kiswahili kitupu, shughuli kubwa ni kucheza. Ada zinakaribiana. Mume wangu anasema hatuwezi kulipia mchanga ambao hata nyumbani upo. Nimekwama.

BabaPacha
Dada, chukua cha kwanza. Shule nyingi za binafsi zina intavyuu ya kuingia darasa la kwanza. Wa kwangu mmoja alikosa nafasi, iliniuma sana.

Mwalimu wa Awali
Mama Rayyan, umefanya vizuri kuhesabu. Hata shule za serikali kiwango ni mwalimu 1 kwa watoto 25, na hao ni wa miaka 5. Wa miaka 3 wakiwa 36, mwalimu atamaliza siku akiwapeleka chooni. Ataongea na nani?

Mtoto wa umri huo hujifunza kwa kuuliza, kujibiwa na kuuliza tena. Akijaza mchanga kwenye vikopo, mlezi akamuuliza kipi kimebeba zaidi, hiyo ni hesabu. Udongo wa kufinyanga unakomaza vidole vitakavyoshika penseli. Nimepokea watoto wanaoimba A mpaka Z vizuri kabisa, lakini nikiwaonyesha M peke yake wanaanza upya kutoka A ili waifikie.

Ila mchanga tu hautoshi. Rudi bila taarifa, saa ya uji. Mtazame mtoto anayelia: mlezi anamwendea na kuchuchumaa, au anamfokea kwa mbali? Sabuni na maji mtoto anavifikia? Walezi wana muda gani pale? Ukikuta sura mpya kila mwezi, jiulize. Ukiona fimbo, ondoka.

Bint Unguja
Naunga mkono. Mpango wa skuli za awali za Madrasa ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 ukaja na huku kwetu Zanzibar. Vifaa vyao vingi ni vifuu, makombe ya pwani na vitambaa, na watoto wanajifunza navyo kuhesabu na kupanga. Usidanganywe na midoli ya dukani.

Mzazi Mwenzenu
Ulizia cheti cha usajili. Kituo cha kulelea watoto mchana kinasajiliwa na Ustawi wa Jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Mimi sikuuliza. Mwanangu akawa anarudi na njaa na nepi ya asubuhi, na sikuwa na pa kuanzia kulalamika.

Mama Rayyan
Ahsanteni sana. Leo nimerudi cha pili bila kusema. Cheti kipo ukutani. Mtoto mmoja alimwaga uji, mlezi akampa kitambaa wakafuta pamoja, wakiongea. Lakini geti lilikuwa wazi, nimeingia mpaka uani hakuna aliyeniuliza mimi ni nani, na barabara iko hatua chache tu. Nimemwambia mwenye kituo, ameahidi kuweka komeo kabla ya Jumatatu. Jumatatu hiyo naenda na baba yake, saa ya uji. Komeo lisipokuwepo, tunaanza kutafuta upya.